Mwanasaikolojia mtafiti wa mambo ya jeshi: namna ya kuifikia kazi hiyo ukianzia Lubumbashi

Ukikaa unasubiri tangazo linalosema "jeshi linatafuta mwanasaikolojia mtafiti", utazeekea barabara ya Kassapa, ile ya chuo kikuu. Kazi yenyewe ipo, ila imetawanyika: kipande kiko chuo kikuu, kipande katika afya ya jeshi, kipande katika programu za kuwarudisha wapiganaji uraiani. Anayeipata ni yule anayejijenga miaka minane hadi kumi, kisha anavishona vipande hivyo kwa mkono wake. Tunaandika tukiangalia Lubumbashi, lakini aliye Goma au Bukavu atakuta mengi yanamhusu.

Kwanza tuelewane juu ya kazi. Wengi wanaojiandikisha saikolojia wana picha ya mtu aliyeketi akimsikiliza askari analia. Huyo ni mtabibu, na kazi yake ni ya heshima. Mtafiti kazi yake ya kwanza ni kupima. Anauliza maswali ya aina tatu: nani achaguliwe kwa kazi gani, ni kitu gani kinamchosha au kumvunja askari, na ni msaada gani unaomrudisha kweli katika hali yake. Mwaka 1917 Robert Yerkes na wenzake Marekani walitunga majaribio mawili, Alpha kwa wanaojua kusoma na Beta kwa wasiojua, wakapima askari wapya karibu milioni 1.7. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, timu ya Samuel Stouffer iliwahoji askari zaidi ya nusu milioni juu ya maisha yao ya jeshini. Hiyo ndiyo ngozi ya kazi hii: hojaji, saa ya kupimia, jedwali, na mwisho ripoti ambayo kamanda ataisoma akiwa amesimama.

Masomo

Ukiwa bado sekondari, section ya hisabati-fizikia au biolojia-kemia itakusaidia kuliko unavyodhani. Waliotoka pedagojia wanaingia saikolojia vizuri, lakini takwimu inawakaba mwaka wa pili. Kama ndiyo njia uliyopitia, usikate tamaa. Tenga saa moja ya hesabu kila siku kuanzia likizo ya baada ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha Saikolojia na Sayansi ya Elimu. Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, masta miaka 2 yenye krediti 120, kisha udaktari. Usidanganywe na anayesema masta inatosha. Kwa staji, uchunguzi na uandishi wa ripoti inatosha. Kuongoza utafiti wako mwenyewe, kusaini itifaki na kugombea fedha za nje kunadai udaktari, hapa kwetu na kwingineko.

Angalia alama zako mapema. Satisfaction, yaani 50% na kuendelea, inakuvusha mwaka; distinction, yaani 70%, ndiyo inayofungua mlango wa kuwa asistanti (mwalimu msaidizi wa chuo), na bila asistanti njia ya kwenda udaktari ukiwa hapa nyumbani inakuwa nyembamba sana. Wengi wanagundua hili wakiwa mwaka wa mwisho, wakati wastani haupandi tena.

Katika kozi, shikilia nne: takwimu, saikometria (elimu ya kutunga na kukagua majaribio), saikolojia ya kazi, na saikopatolojia (elimu ya magonjwa ya akili). Nyingine zisome ili ufaulu tu. Nje ya kozi, jifunze programu ya takwimu ya R au jamovi. Zote mbili ni za bure na zinafanya kazi bila intaneti ukishazipakua. Nakala za SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, zinazozunguka kwenye flashi hubeba virusi, na siku ya kutetea memwari (andiko la kumaliza masomo) huwezi kusema umezipata wapi. Jifunze pia kusoma Kiingereza, hata kama hukizungumzi, kwa sababu sehemu kubwa ya makala za fani hii haitafsiriwi Kifaransa.

Milango mitatu

Mlango wa kwanza ni sare. Unaandikishwa FARDC, jeshi la Kongo, unapita mafunzo ya msingi kama kila mtu, na mwenye diploma ya chuo anaweza kuelekezwa kwenye mafunzo ya uofisa, kama yale ya akademia ya kijeshi ya Kananga. Kuandikishwa hakulipiwi, anayekuomba pesa ili jina lako liingie kwenye orodha ni mwizi. Peleka nakala zilizothibitishwa za diploma, halisi zibaki nyumbani kwa mama. Jua unachokiacha: sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi ndiyo itakayokuongoza, utahukumiwa na mahakama za kijeshi, hutapiga kura, na makala yako haitachapishwa bila ruhusa ya wakubwa. Jambo linaloumiza zaidi ni kwamba cheo chako hakichagui kazi. Mwanasaikolojia anaweza kukaa miaka ofisi ya T1, ile ya utumishi, akipiga orodha za mishahara kwenye kompyuta. Ushauri wetu ni kumaliza masta kwanza, kisha uingie ukiwa na memwari iliyofanywa juu ya askari. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari wa jeshi au ofisa wa SECAS, idara ya elimu ya uraia na huduma za jamii, kwamba unaweza kutumika kwao. Ila angalia kikomo cha umri kwenye tangazo la mwaka huo kabla hujapanga.

Mlango wa pili ni kubaki raia chuoni na kuwafanya askari kuwa somo lako la utafiti. Uhuru wa kuchapisha ni mkubwa, ruhusa za kuingia kambini ni ngumu.

Mlango wa tatu, ambao sisi tungemshauri kijana asiye na ndugu jeshini, ni programu za wapiganaji wa zamani. PDDRCS ilianzishwa mwaka 2021 kwa ajili ya kuwanyang'anya silaha na kuwarudisha katika jamii, na mashirika yanayofanya kazi Kivu na Tanganyika huhitaji watu wanaojua kupima, maana wafadhili wanadai namba. Goma ina historia nzuri hapa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walijaribu huko tiba ya kusimulia maisha kwa waliotoka msituni, wakiwemo walioingia wakiwa kadogo (askari watoto), na wakachunguza jambo ambalo watu wengi hawapendi kulisikia, kwamba baadhi ya wapiganaji huzoea ukatili mpaka wakaufurahia. Kazi za namna hiyo huajiri wasaidizi wa hapa hapa, na msaidizi mzuri hupandishwa.

Anza na walinzi wa usiku

Kabla hujapata ruhusa ya kambi yoyote, Lubumbashi ina kundi linalofanana na jeshi kuliko wanafunzi wenzako: walinzi wa kampuni za ulinzi, wanaolinda maghala na migodi. Wana sare, wana vyeo, wanakesha zamu ya saa 12, na ruhusa yao inatolewa na meneja mmoja. Memwari ya kwanza inayofaa ni kupima umakini wao mwanzo na mwisho wa zamu.

Kipimo kinachotumika ni PVT, jaribio la kupima umakini. Mtu anaangalia skrini kwa dakika 10. Alama inatokea baada ya sekunde 2 hadi 10 bila mpangilio, naye anagusa haraka iwezekanavyo. Kuchelewa kufikia milisekunde 500 au zaidi kunahesabiwa kama kukosa umakini. Ukimpima mtu yuleyule mara mbili, walinzi 34 wanatosha kugundua tofauti ya ukubwa wa kati (d, kipimo cha ukubwa wa tofauti, ikiwa 0.5; na uwezekano wa kuigundua ukiwa 80%). Kosa linaloharibu kazi hii ni simu. Kila aina ya simu ina ucheleweshaji wake wa kugusa. Ukitumia Tecno kwa nusu ya watu na Samsung kwa nusu nyingine, unapima simu na siyo usingizi. Simu moja, aina moja, watu wote. Na weka betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika saa kumi na moja alfajiri, zamu haitakusubiri.

Hojaji, na lugha inayotuangusha

Hapa ndipo kazi nyingi za vijana zinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Hojaji maarufu zimetungwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa Kifaransa. PCL-5 inapima madhara ya kiwewe: maswali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 80, na mpaka wa tahadhari kati ya 31 na 33. HSCL-25 inapima wasiwasi na huzuni, mpaka ni wastani wa 1.75 kwa swali. PHQ-9 inapima huzuni: maswali 9, mpaka jumla ya 10. Mipaka hiyo ilipatikana kwa watu wa kwingine. Kuichukua kama ilivyo na kutangaza kwamba asilimia fulani ya kikosi ni wagonjwa ni kosa, na kamanda atakuwa na haki ya kukucheka.

Lugha ni mbili, siyo moja. Kambini Lingala inatawala; nyumbani kwa askari wa hapa, na kwa mke wake, ni Kiswahili cha Lubumbashi. Tayarisha zote mbili. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, mkae pamoja kupatanisha, kisha mtu wa tatu ambaye hajaona ya asili airudishe Kifaransa. Linganisha. Halafu wasomee watu 8 hadi 10 wa kundi lenyewe swali moja moja na uwaulize: "Hapa wewe unasikia nini?" Baada ya hapo jaribu kwa watu 30. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali yanapima kitu kimoja, ikiwa chini ya 0.70, rudi kwenye maneno kabla ya kulaumu watu.

Mfano wa yanayotokea. "Kuhuzunika" ni neno la kanisani na la kitabu; mtu wa mtaani anasema "roho inaniuma" au "niko na mawazo". Ukiuliza "unahuzunika?" anajibu hapana, na roho inamuuma miezi sita. Swali la 17 la PCL-5 linauliza kama mtu yuko macho na tahadhari kupita kiasi. Muulize hivyo askari wa zamu, atasema ndiyo, kila siku, maana ndiyo kazi anayolipwa. Uliza badala yake kama hali hiyo inaendelea akiwa nyumbani, zamu imekwisha, mlango umefungwa. Ndoto za marehemu nazo zina utata: mwingine hazioni kama dalili, anaziona kama salamu kutoka kwa wazee, na huwezi kuzihesabu kabla hujamuuliza zinamtisha au zinamtuliza.

Pombe ni somo lake. AUDIT, hojaji ya unywaji, ina maswali 10, jumla 40, na 8 ni alama ya kuangaliwa. Inahesabu kwa kipimo, na katika toleo la Shirika la Afya Duniani kipimo kimoja ni gramu 10 za alkoholi safi. Chupa kubwa ya bia, sentilita 73 yenye 5%, ina karibu gramu 29. Ni takriban vipimo vitatu. Askari anasema "nakunywaka mbili tu", msaidizi anaandika 2, na ukweli ni karibu 6, kiwango kilekile ambacho swali la tatu linakitaja kama unywaji mzito. Andika maswali kwa chupa, geuza kwa vipimo mezani kwako. Kwa lutuku, pombe kali ya kienyeji, huwezi kugeuza kwa uhakika, kwa kuwa nguvu yake inabadilika kwa kila mpishi. Iandike peke yake, kwa glasi, na useme hivyo katika ripoti.

Majaribio ya akili na ya kuchagulia watu yana historia chungu kwetu. Miaka ya 1950 André Ombredane alipima Wakongo kwa matrisi za rangi, jaribio la kutafuta kipande kinachokosekana katika mchoro, na alipolirudia jaribio lilelile alama zilipanda. Watu hawakuwa wameongeza akili kwa siku chache. Walikuwa wameizoea karatasi. Kwa hiyo usimpime mtu asiyezoea mitihani bila mazoezi ya kutosha mwanzoni. Mtego mwingine ni wa hesabu: umepima waombaji 200, wamechukuliwa 50 wenye alama za juu, halafu unalinganisha alama zao na ufanisi wa mafunzo. Uhusiano utaonekana dhaifu, kwa sababu waliobaki wanafanana. Sema wazi kwamba wigo umefinywa, na usahihishe kwa hesabu yake, kabla hujatangaza kwamba jaribio halifai.

Watu wangapi? Kukadiria kiwango cha tatizo kwa kosa la 5% kunadai 385 kama umewachagua mmoja mmoja. Jeshini huchagui mmoja mmoja, unapewa platuni. Watu wa platuni moja wanakula pamoja, wana kamanda mmoja, wanafanana majibu. Zidisha kwa 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni idadi ya watu wa platuni na ICC ni kipimo cha jinsi wanavyofanana majibu. Platuni za watu 30 zenye ICC ya 0.05 zinatoa 2.45, na 385 zinakuwa 944, yaani platuni 32. Mwanafunzi asiyeweza kuzifikia abadilishe swali lake. Kulinganisha makundi mawili kwa tofauti ya ukubwa wa kati kunadai watu 64 kila upande, ingawa hapo pia platuni zitaongeza idadi.

Wapime pia wasaidizi wako. Katika utafiti wa Kivu uliochapishwa mwaka 2013 juu ya tiba kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, vijiji 16 vilipangwa kwa bahati nasibu, kikaondolewa kimoja kwa sababu uwezo wa msaidizi wake ulitiliwa shaka. Mtu mmoja, kijiji kizima. Wasikilize wasaidizi wako wakihoji mara mbili kabla ya kuanza, na mara moja kila wiki baadaye.

Kuingia kambini

Barua inaanzia kwa mkuu wa kitivo, na idhini ya kamati ya maadili ya chuo iwe tayari imeambatishwa. Inakwenda kwa kamanda wa Rejio ya 22, kisha inazunguka etamajori, yaani ofisi za makao makuu yake. Mara nyingi italala T2, kwa watu wa upelelezi, na wana haki ya kuuliza maswali yao. Wape hojaji nzima, siyo muhtasari. Kinachofichwa ndicho kinachotiliwa shaka. Ukipokelewa, simama, mwite "mon colonel" kama wengine wanavyomwita, eleza kwa dakika tatu, na uondoke na jina la ofisa mmoja wa kufuatilia. Tenga miezi mitatu hadi sita kwa ruhusa peke yake.

Swali gumu ni ridhaa. Askari amefundishwa kutii. Kamanda akisema "jazeni hizi karatasi", hapo hakuna aliyekubali kwa hiari. Mwombe kamanda aseme mbele yao kwamba hii si amri, kisha atoke chumbani yeye na maofisa wadogo wote. Kila mtu apewe bahasha, anayetaka ajaze, asiyetaka akae muda uleule na kuirudisha tupu. Hivyo hakuna anayejua nani alikataa. Zawadi iwe maji na biskuti kwa wote, waliojaza na wasiojaza.

Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujiua. Usiliulize kama huna la kufanya jibu likiwa ndiyo, tena kwa mtu anayelala na bunduki. Kabla ya siku ya kwanza, patana na daktari wa jeshi juu ya silaha, na kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain juu ya kupokea mtu siku hiyohiyo. Bukavu wana SOSAME, Goma wana Tulizo Letu. Na waambie washiriki mapema kwamba siri ina mpaka huo mmoja. Ndiyo maana hojaji yenye swali hilo haiwezi kuwa bila namba ya kumrudia mtu.

Ukikusanya kwa KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwa simu, zima eneo la GPS na utambulisho wa kifaa katika fomu. Hojaji ya saikolojia yenye mahali, saa na idadi ya kikosi inageuka kuwa ramani ya ulinzi, na hapo huna tena utetezi wa kitaaluma. Orodha ya majina na namba iwe kwenye karatasi, kabatini, mbali na kompyuta. Katika ripoti usitaje kikosi wala kambi, na kundi lenye watu chini ya kumi liunganishe na jingine.

Utaombwa siku moja umsaidie mtu kumhoji mfungwa. Kataa. Mwaka 2015, baada ya kashfa ya Marekani ya wanasaikolojia walioshiriki katika mahojiano ya wafungwa, chama chao cha APA kiliwapiga marufuku wanachama kushiriki kazi hiyo kwa ajili ya usalama wa taifa. Mtafiti aliyeonekana chumbani mara moja hatapata tena jibu la kweli kutoka kwa askari yeyote.

Nje ya nchi

Mashirika ya Ubelgiji, ARES kwa vyuo vya Kifaransa na VLIR-UOS kwa vya Kiflamandi, hutoa misaada ya masomo kwa Wakongo, na mgombea mwenye data zake tayari hupewa uzito kuliko mwenye ndoto. Wapo wanaouliza juu ya Marekani, ambako jeshi la nchi kavu lina nafasi ya ofisa mwanasaikolojia mtafiti, namba 71F. Inadai udaktari, na uofisa wao unadai uraia wa Marekani. Kadi ya kijani inakuwezesha kuandikishwa kama askari wa kawaida tu. Anayekuuzia "dosye ya 71F" hapo mjini anakuuzia karatasi.

Ripoti ya kamanda iwe kurasa mbili, kwa Kifaransa, na jedwali moja. Ukurasa wa kwanza useme nini kibadilishwe na kitagharimu nini: kwa mfano, kugawa zamu ya saa 12 kuwa mbili za saa 6, na watu wangapi wa ziada watahitajika. Takwimu ziende ukurasa wa pili. Mpelekee kwa mkono, kabla ya kutetea memwari, ili asije akasikia matokeo ya watu wake kutoka kwa mtu mwingine.